Katibu na Kamlima Kake

Katibu hakupenda njia. Ukimwonyesha kijia kizuri, kilichokanyagwa na ng'ombe mpaka kikalainika, alikitazama kama mtu aliyeletewa chai baridi, kisha akageuka na kuingia kichakani. "Hiyo ilikatwa na mtu aliyekuwa anaenda kwake," alisema. "Sisi hatuendi kwake." Nasi, watu wazima wenye kazi na watoto, tukamfuata huku tukikwaruzwa na miiba mpaka masikioni. Nilimfuata hivyo miaka mingi, na mpaka leo sijui kama nilimpenda kwa sababu ya ukaidi ule au nilimvumilia tu.

Tulimwita Katibu kwa sababu ndicho cheo alichojipa. Chama chetu cha kupanda milima kilikuwa cha majirani wachache wa Uthiru, wengi wetu wa kanisa moja, na hakikuwahi kuwa na mwenyekiti. Ukimwuliza mbona, alijibu kwamba wenyeviti kazi yao ni kukaa. Jina likamganda. Kina mama sokoni walimwita Katibu, pasta alimwita Katibu, na mke wake, Mama Njeri, akikasirika alimwita Katibu vilevile. Akiwa na amani alimwita mzee.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Alikuwa na chumba ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja kuukuu nyuma ya River Road, jengo lisilo na lifti, na wateja wake, wengi wao wazee, walipanda zile ngazi wakihema na vibogoyo vyao. Wakipiga simu kutoka chini kuuliza kama yupo, aliwajibu neno moja: "Niko juu." Hakuongeza kitu. Mtu akilalamika kuhusu ngazi, alimwambia kwamba anayetaka kutafuna nyama lazima aitolee jasho.

Lakini akishakukalisha kwenye kile kiti chake, alibadilika. Vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu. Nilimpeleka mama yangu pale, mama ambaye haogopi mtu ila anaogopa kufunguliwa mdomo, na Katibu akamwongelesha habari za mvua na mahindi mpaka akamaliza kupima bila mama kujua kwamba ameanza. Mtu huyohuyo, Jumamosi iliyofuata, alimwacha shemasi wetu akilia kwa maumivu ya goti kwenye mteremko, akamwambia goti likipoa atufuate. Sikuelewa jinsi mikono ile na moyo ule vilivyokaa ndani ya koti moja.

Na hilo koti. Alipanda milima na koti la suti, la kijivu, lenye kalamu kwenye mfuko wa kifua, na chini gambuti. Mfuko mmoja ulikuwa na nduma za kuchemsha. Mwingine ulikuwa na nta ya rangi ya waridi, ile anayoundia ufizi wa meno ya bandia. Alipokuwa akipenya msituni alikata kipande kidogo cha nta, akakifinya kwa kidole gumba, akakibandika kwenye shina la mti, upande wa kuteremkia. Wakati wa kurudi alivibandua vyote, kimoja kimoja, hata mvua iwe inanyesha. Alisema akiviacha, kesho kutwa patakuwa njia. Kwa hiyo sisi tulijua: nta ikiwa bado iko mtini, mtu hajateremka.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni uongo wa simu. Ilikuwa miaka ile simu za mkono zimefika hata kwa wauza mboga, na Nairobi nzima ilikuwa imejifunza kudanganya mahali ilipo. Mtu anatafuta soksi chini ya kitanda hapa Uthiru, anakwambia ameshapita Westlands. Katibu hakusamehe. Ukimwambia uko karibu na hauko karibu, alikuacha. Aliniacha mimi mara moja, nikabaki nimesimama kando ya Waiyaki Way na mfuko wa machungwa, kila anayepita akiniuliza ninauza vipi.

Sasa sikia maajabu. Mama Njeri akimpigia simu tukiwa huko porini, nyani wanapiga kelele juu yetu, Katibu anaziba simu kwa kiganja na kusema kwa sauti ya upole, "Niko hapa Westlands, jam ni mbaya." Hakuona haya. Nilipomwambia kwamba huo pia ni uongo wa simu, alisema mke si mwanachama.

Mlima aliokuwa akiutaka uko ng'ambo ya Limuru, pale ardhi inapoanza kujitupa kuelekea Bonde la Ufa. Si mrefu. Kutoka barabarani hata huwezi kumwonyesha mgeni, maana umejificha nyuma ya matuta mengine, na watu wa huko wenyewe hawana jina lake wanalokubaliana. Katibu aliuita Kamlima. Si kilima, si mlima. Kamlima, kwa ile "ka" yetu ya Nairobi ambayo walimu wa Kiswahili walituchapia viboko na haikutoka. Alilitamka jina hilo kama mtu anayemtaja mtoto wake wa mwisho: kale kamlima kangu, kale ka miti.

Miti ndiyo iliyokuwa taabu. Milima mingine ina kilele cha kuonekana, pana jiwe, au pana mnara wa simu. Kamlima kamefunikwa na msitu mpaka juu. Unapanda, unapenya mianzi, majani ya thabai yanakuwasha mpaka mikono inafura, unafika mahali ardhi imetulia, unashukuru Mungu, halafu unaona kupitia matawi kwamba pale mbele kuna juu zaidi. Ukienda pale unakuta korongo. Ukivuka korongo ukungu unashuka, na kila upande unafanana. Tulijaribu tukashindwa, tukajaribu tena. Safari moja nyati alipita mbele yetu, karibu kiasi cha kumnusa, na baada ya hapo wenzetu wote wakaanza kuwa na harusi na matanga kila Jumamosi. Tukabaki Katibu na mimi.

Kisha moyo wake ukaanza kumsumbua. Miguu ilivimba, akawa analala ameegemea mito. Daktari alimweleza waziwazi kwamba moyo umepanuka na umechoka, na kwamba mambo ya milima yaishe. Katibu akarudi nyumbani akamweleza mke wake habari hiyo yote kwa uaminifu, kisha akamaliza kwa kusema kwamba daktari amekataza milima. Hako ni kamlima.

Mama Njeri alikuja kwangu kesho yake. Alisimama langoni, akakataa kuingia, akakataa chai. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyelea watoto na kuku na mashamba ya watu, na sikuwahi kumwona akiomba kitu. "Wewe ndiye anakusikiza," akaniambia, na haikuwa kweli. "Akishika kifua, umrudishe. Hata kama ni kwa nguvu. Sitaki kuletewa maiti kutoka msituni." Nikamwahidi.

Ahadi ile iliniharibia milima. Sikuona tena ndege wala maua, nilitazama midomo ya mzee. Ikigeuka rangi, natafuta mahali pa kumkalisha. Akisimama kufinya nta yake, nahesabu pumzi zake kimoyomoyo. Siku moja, tukiwa bado chini kwenye mianzi, alishika mti kwa mikono miwili akakaa hivyo kwa muda, nami nikamwambia basi, turudi. Alikaa chini. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa, akanipa nduma, akangoja nimeze.

"Mama Njeri amekuandika kazi?" akaniuliza.

Tulirudi siku hiyo, lakini hakunisemesha mpaka Uthiru, na baada ya hapo hakunialika tena. Nilijiambia ameacha. Kusema kweli nilifurahi.

Jumamosi hiyo ninayoikumbuka, nilitoka kazini Westlands adhuhuri nikashuka mjini kuchukua meno ya mama. Nilipanda zile ngazi zote nikakuta kufuli. Bawabu akasema mzee hajaonekana tangu jana. Nikarudi Uthiru nimenuna, nikamkuta Mama Njeri langoni kwake ananunua sukuma wiki, amevaa nguo nzuri na viatu vya kanisa kwa ajili ya mkutano wa akina mama. Nikamwuliza, kwa ukali kidogo, mume wake ameyaweka wapi meno ya mama yangu.

Akashangaa. Akasema mzee si yuko kazini. Ametoka kumpigia simu sasa hivi, akamwuliza uko wapi, akamjibu niko juu. Hata amemwambia akirudi apitie maziwa.

Nikamweleza habari ya kufuli.

Tukatazamana. Mwenye sukuma alikuwa amenyoosha mkono akingoja pesa na hakuna aliyemwona. Kwa mara ya kwanza Katibu alikuwa amemwambia mke wake ukweli kuhusu mahali alipo, na ukweli huo ndio uliomfanya mama wa watu akatulia na kwenda kununua mboga. Mama Njeri akaweka mfuko wake wa mboga chini, akafungua mlango wa gari langu, akaingia.

Nilimwambia abaki. Nilimwambia kule hakuna njia, na viatu vile havifai. Alifunga mkanda. Njia nzima mpaka Limuru alikuwa akipiga simu, na kila mara ile sauti ya mwanamke wa mitambo ikimwambia kwamba mteja hapatikani, anakata na kupiga tena. Mimi niliendesha. Niliwaza nitakavyomweleza Njeri, binti yao. Niliwaza pia jambo la aibu, kwamba labda meno ya mama yako mfukoni mwa lile koti.

Mahali tulipozoea kuacha gari tulimkuta mama mmoja anakata nyasi za ng'ombe. Ndiyo, alikuwa amemwona mzee wa koti, asubuhi, wakasalimiana. Hajamwona akirudi. Tukavuka shamba la viazi, tukaingia msituni, na kwenye mti wa kwanza nikaiona nta. Ilikuwa ya waridi, mpya, na alama ya kidole gumba imekaa juu yake. Mama Njeri akaigusa kwa kidole chake. Hakuuliza ni nini.

Sijawahi kupanda kwa hofu kama ile. Jua lilikuwa limeanza kulala, na kule msituni giza hutangulia. Tulitoka nta hadi nta. Palipokuwa na nafasi ndefu kati ya mti na mti, nilizunguka kama kuku anayetaka kutaga mpaka niione nyingine. Mama Njeri aliteleza, akaamka. Thabai zilimchoma miguu, akaendelea kupanda. Kwanza alikuwa anaomba kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini. Baadaye akaacha kuomba akaanza kumgombeza mumewe, bado kwa sauti ileile ya chini. Nami niliona alama zinavyokaribiana, na nikaelewa kwamba mtu huyu alikuwa akisimama kila hatua chache. Mwishowe zilikuwa zimebandikwa chini kabisa, usawa wa goti. Alikuwa amezibandika akiwa amekaa.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anakohoa.

Alikuwa ameegemea mti, koti limefungwa vifungo vyote, gambuti amezivua na miguu imefura kiasi cha kutisha. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Alimtazama mke wake, akatazama vile viatu, kisha akaniuliza mimi mbona nimemleta. Mama Njeri akapiga magoti, akaanza kumvalisha gambuti.

"Ni hapo tu," Katibu akasema, akionyesha juu kwa kidevu. "Nipumzike kidogo niende. Mkinishusha leo, sitakaona tena, na nyinyi mnajua."

Nikamwambia atakufa. Akasema anajua pia. Alisema bila hasira na bila kujionyesha, na ndiyo maana nilichanganyikiwa, maana kubishana na mtu mwenye hasira ni rahisi. Nilipima uzito wake kwa macho. Nisingeweza kumbeba, na ukungu ulikuwa umeshafika kwenye vilele vya miti. Nikamshika mkono, akajitoa. Nikamshika tena, akanisukuma, akaanza kuhema mpaka nikaogopa kumgusa.

Mama Njeri akasimama. Akajifuta matope kwenye magoti.

"Haya," akasema. "Wewe kaa. Nitaenda mimi. Nikifika, tumefika wote wawili. Na nikirudi unateremka, hakuna maneno mengine."

Katibu akakubali kwa kichwa. Akamwambia asikose kumwambia kuna nini huko.

Nikaenda naye, ningemwachaje peke yake. Tulipopita vichaka vichache, tukawa hatuonekani tena, alisimama mbele ya mti ulioanguka. Mbele yetu kulikuwa na ukuta wa thabai, na nyuma yake ardhi iliendelea kupanda, au labda ilikuwa inaishia, sikuweza kujua kwa ule ukungu. Akaketi juu ya ule mti. Akajifunika uso kwa leso, akalia bila sauti, mabega tu yakitikisika.

Nikamwuliza kama tuendelee.

"Tuendelee wapi?" akasema. "Kaa. Tukawie kidogo."

Tukakaa. Chini yetu Katibu alikohoa, akanyamaza, na kila aliponyamaza tulitazamana mpaka akakohoa tena. Kisha Mama Njeri akajipangusa, akafunga leso kichwani, akateremka nami nyuma yake. Alisimama mbele ya mume wake, mgongo wima kabisa.

"Nimefika," akasema. "Ni miti tu."

"Miti gani?"

"Mikubwa. Sijui majina yake."

Katibu alimtazama usoni kwa muda mrefu, mpaka mimi nikaangalia kando. Kisha akanyoosha mkono tumwinue.

Tulishuka kidogo kidogo. Mama Njeri alimshika ukanda wa suruali, nami nikamshika kwapa. Na amini usiamini, mtu yule ambaye hakuweza kumaliza sentensi aliniamuru nibandue nta zote. Nikikataa, anasimama. Basi ikawa wao wawili wanatangulia, mimi nabaki nyuma nakwaruza miti kwa kucha katika kile kigiza, halafu nawakimbilia. Tuliwasha taa za gari na kwenda moja kwa moja hospitali, akalazwa wiki kadhaa, akatoka.

Baada ya hapo walihamia mtaa wa Satellite, karibu na Njeri, kwenye nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja. Chumba cha mjini alikiuza pamoja na vifaa. Mambo yangu yakawa mengi, nikawa natuma salamu kuliko kwenda, mpaka Jumapili moja nikapata aibu nikaenda.

Alikuwa amekonda. Alikuwa kwenye kochi, blanketi magotini, lile koti amelitupia mabegani. Mama Njeri alinisalimu akarudi jikoni, tukawa tunasikia vyombo. Tuliongea juu ya mama yangu, juu ya pasta mpya, juu ya majengo yanayoota Westlands kila ukigeuka. Kisha akatega sikio kwa upande wa jikoni, akainama kwangu.

"Jirani, nikuulize. Siku ile, Mama Njeri alifika?"

Nilifikiria jinsi alivyowaacha watu kwa uongo mdogo kuliko huu. Nilifikiria pia kwamba mzee huyu hana mlima mwingine duniani isipokuwa ule aliopandiwa na mke wake, na kwamba mimi si mtu wa kumnyang'anya.

"Alifika," nikasema.

"Ulimwona?"

"Nilikuwa naye."

Akacheka, kicheko kisichokuwa na pumzi, mabega tu.

"Yeye aliniambia hakufika. Siku ileile, tukiteremka, wewe uko nyuma unabandua nta. Akaniambia, nimekudanganya, nilikaa kwa mti nikalia. Sasa ukitaka kurudi juu rudi, lakini mimi sina nguvu ya kukufuata tena."

Sikujua niangalie wapi. Nikamwuliza alimjibu nini.

"Nilikuwa nishasimama tayari," akasema. "Pumzi ilikuwa imerudi kidogo. Ningejaribu." Akavuta blanketi, akalipanga vizuri juu ya magoti. "Nikamwangalia miguu yake. Viatu vilikuwa vimeisha, alikuwa anatembea na soksi. Nikamwambia basi, twende nyumbani."

Mama Njeri akaita kutoka jikoni, akauliza kama mgeni anakula. Katibu akajibu kwa niaba yangu kwamba ninakula.